Nimeuziwa sola ya wati 200, fundi kapima kaona hata 70 haifiki

SWALI: Mshauri habari za kazi. Mimi nina kijisaluni cha kunyoa huku Ifakara, umeme ukikatika tunabaki kuangaliana tu na wateja, nikaona bora nijichange ninunue sola. Nikakuta tangazo Insta la duka moja la Kariakoo, wameandika kabisa PANELI WATI 200 ORIJINO WARANTI MWAKA 1, bei 210,000 na elfu 15 ya basi juu yangu. Nikalipa kwa lipa namba yao, kesho yake mzigo ukafika ofisi ya basi, sasa kuubeba nashangaa mbona naubeba kwapani kama daftari. Nimefunga, mashine inazima katikati ya kichwa cha mteja, jamaa katoka na nusu kipara kavaa kofia kasema atarudi. Fundi kaja na mita yake saa sita mchana, kasoma ampea 3 na nusu, kaniambia hii hata wati 70 haifiki. Picha nakutumia, tumeweka na futi ya kupimia pembeni, ni sentimita 67 kwa 54. Muuzaji kwanza alisema huku kwetu jua dogo (Ifakara jua dogo!), mara bidhaa ikishauzwa hairudishwi imeandikwa kwenye risiti, sasa hivi anataka anirudishie elfu 30 tuishie hapo. Nichukue? Au nimwanike mtandaoni kama wenzangu wanavyonishauri? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Mdogo wangu hiyo elfu 30 usiiguse. Ukishaipokea na ukajibu hata "sawa bosi asante" basi kesho atasema mlishamalizana, na ushahidi atakuwa nao kwenye simu yake.

Sasa nikwambie kitu ambacho watu wengi wanakosea, mimi mwenyewe nilishawahi kukosea siku nilipoagiza zulia la futi 6 kwa 9 likaja dogo vile kwamba ukiweka meza ya kahawa limeisha. Nilikasirika nikaanza kumwambia muuzaji zulia lako baya, zulia lako feki, linanyonyoka, umeniibia. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba wateja wengine wamelipenda, na kweli hapo sikuwa na la kusema, maana uzuri na ubaya kila mtu na macho yake. Ningemwambia tu uliandika futi 9, nimepima ni 5, picha ya futi hii hapa, tungeelewana siku ileile. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu ubovu. Bishana naye kuhusu maelezo aliyoandika yeye kwa mkono wake.

Na wewe una bahati maelezo yake yanapimika. Jua la mchana kweupe likipiga sawasawa linaleta kama wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli za dukani hata zile nzuri kabisa hazikamati zaidi ya robo ya hiyo, nyingi ziko kwenye asilimia 20 hivi. Ya kwako sentimita 67 kwa 54 haifiki hata nusu ya mita ya mraba, ni 0.36. Ukiipigia hesabu ya asilimia 20 unapata wati 72, na fundi wako kapata ampea 3 na nusu ambayo ukizidisha na volti 18, ndizo za kawaida kwa paneli ndogo kama hiyo, inakuja wati 63. Yaani hesabu ya ukubwa wa paneli na hesabu ya mita ya fundi zinaongea lugha moja. Ili kipande hicho kitoe wati 200 kingetakiwa kikamate zaidi ya nusu ya jua lote, na sola ya namna hiyo hauziwi mtu Kariakoo wala popote. Hiyo habari ya jua dogo achana nayo, ile stika ya nyuma imebandikwa tu.

Kabla ya yote ishushe hiyo paneli leo. Najua saluni inakudai lakini sikiliza. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo, kisipofanana mnunuzi ana haki ya kukikataa. Kufungua mzigo na kuujaribu unaruhusiwa, huwezi kuambiwa umeshakubali kabla hujapata nafasi ya kuukagua, ila ukiendelea kuutumia mwezi mzima au ukakaa nao kimya, hapo itahesabika umeukubali na utabaki kudai fidia ya tofauti tu. Ifute vumbi, irudishe kwenye boksi lake na nailoni yake.

Halafu acha kupiga simu. Simu haziachi alama. Mwandikie wasapu, fupi, bila matusi, kama hivi:

"Habari. Tarehe fulani nilinunua kwenu paneli mliyoitangaza wati 200, nikalipa 210,000 kwa lipa namba, muamala namba fulani. Iliyofika ina ukubwa wa sm 67 kwa 54 na imepimwa ampea 3.5. Siyo wati 200. Naikataa na naomba hela yangu yote pamoja na 15,000 ya usafiri ndani ya siku 7. Paneli iko kwenye boksi, mje kuichukua au mlipie basi niitume."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Ukishakataa mzigo kihalali na ukamjulisha, sheria haikulazimishi wewe kuurudisha kwa gharama yako labda kama mlikubaliana hivo, inatosha kumwambia umeukataa. Wengi wanauziwa mzigo mbovu halafu wanalipa tena nauli ya kuurudisha, mzigo unapokelewa, hela haiji, simu haipokelewi. Sasa hapo una nini mkononi?

Kabla hujautuma huo ujumbe piga skrinishoti za lile tangazo zote, na jina la akaunti lionekane na tarehe, maana akishasoma tu atalifuta au atabadilisha aandike 60. Ule ujumbe wa malipo pia, lile jina la biashara linalokuja ukilipa lipa namba ndo utambulisho wake, linaweza kuwa tofauti kabisa na jina la Insta. Na usiogope mtu akikwambia skrinishoti siyo ushahidi, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, ila simu yenyewe yenye chati usiiuze wala kuifomati.

Kuhusu "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", hayo maandishi yapo kila duka kuanzia Kariakoo mpaka Mwanjelwa na watu wameyazoea kama aya. Yana maana yake, ukinunua shati ukabadili mawazo njiani huna cha kudai. Lakini hayamruhusu mtu kuuza kitu kingine na jina la kingine. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani, wengi tunaiita FCC. Siku 7 zikipita kimya peleka malalamiko kwao, ambatanisha tangazo, muamala, picha ya futi na maelezo mafupi ya fundi aliyosaini. Mara nyingi muuzaji mwenye duka la kweli akisikia tu umetaja FCC sauti inabadilika. Asipobadilika kuna Mahakama ya Mwanzo, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, hela ya paneli moja haihitaji mambo makubwa zaidi ya hapo. Polisi mimi ningewaacha kwanza, wale ni wa mtu aliyekula hela akakubloki bila kutuma kitu. Huyu wako ana duka na bado anaongea, mbane kama mfanyabiashara.

Kumwanika? Hapana. Utaanza na picha ya paneli, kwenye komenti watu watamaliza na picha ya mke wake, na ukiongeza chumvi kidogo tu Sheria ya Makosa ya Mtandao inakuhusu wewe, mdai unageuka mdaiwa.

SWALI: Mshauri, mie niko Mombasa, ni mpiga picha wa harusi. Nilinunua lenzi mtumba eBay kwa mtu wa Uingereza, kaandika kioo safi hakina ukungu. Mzigo ulipitia anwani ya wakala wa kago London ndo ukaletwa huku. Nimemulika na tochi ndani naona utando kama wa buibui. Muuzaji kaandika harudishiwi mzigo. Nililipa PayPal, wiki ya tatu sasa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji kuandika hapokei marejesho hakumsaidii kitu ikiwa lenzi siyo ile aliyoieleza, eBay wenyewe wanasema hivo na wanatoa siku 30 tangu tarehe ya mwisho mzigo uliyotarajiwa kufika. Tatizo lako ni huyo wakala wa London. Dhamana ya eBay haihusu mzigo ambao baada ya kufika anwani ya kwanza ukatumwa tena kwengine, na watu wa huku kwetu wanakwama hapohapo kila siku.

Kwa hiyo nenda PayPal. Wao wanakupa siku 180 tangu ulipolipa kufungua dai la kitu kisichofanana na maelezo, alimradi hukulipa kwa ile njia ya kutumiana marafiki, ile haina ulinzi. Ukifungua, una siku 20 za kulipandisha liwe dai rasmi waamue wao, zikipita linajifunga lenyewe na halifunguki tena. Na muuzaji akikuomba ulifunge kwanza ndo akulipe, mwambie alipe kwanza. Wanaweza kukutaka uirudishe lenzi kwa hela yako, kwa hiyo uliza bei ya posta mapema uone kama inalipa. Piga picha za huo utando leo, tena zenye tarehe, maana kwa unyevu wa Mombasa ukichelewa watasema ukungu umeota kwako. Kama kadi ndo iliyolipia PayPal, benki yako nayo kwa kawaida ina siku 120 za kupinga malipo, ila usifungue sehemu mbili kwa mpigo, PayPal watalifunga dai lao.

Tukiwa tunafunga ukurasa huu yule wa Ifakara kaniandikia tena. Alituma ule ujumbe, muuzaji kakubali kurudisha 210,000 ila anataka paneli itangulie, na ya nauli kaikatalia. Nimemwambia mzigo uende ofisi ya basi kwa jina la muuzaji, apige picha ya risiti ya kupokelewa, muuzaji atume hela wakati boksi bado liko stendi ya Ifakara halijapakiwa, na elfu 15 aidai hivohivo. Anasema yule mteja wa nusu kipara alirudi, akamaliziwa kwa mkasi.