Goti "linaloyumba upande" kwenye grafu: anza na kigololi cha pajani kabla hujafungua kamera

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mna kamera nane za infraredi za kupima mwendo wa mtu, kalibresheni imetoka safi, kosa halifiki milimita moja. Halafu anatembea mtu mzima wa afya, miguu imenyooka, na grafu inadai goti lake linakwenda upande kwa nyuzi 20 kila anaponyanyua mguu. Mmeshaanza kufungua kamera mkitafuta iliyokufa.

Zifungeni tu, hakuna iliyokufa. Milimita hiyo mnayojivunia ni ya kigololi, kile kimpira mnachombandika mtu mwilini. Mfupa kamera haiuoni kabisa. Inaona mpira huo mdogo unaorudisha mwanga, ikiupiga picha mara 100 kwa sekunde au zaidi, na popote ulipoubandika itakuletea mahali hapo kwa uaminifu mkubwa, hata kama umekosea.

Mimi ugonjwa huu ulinila wiki tatu. Nilirudia kalibresheni mpaka mkono ukachoka kupunga ile fimbo, nikahamisha kamera, nikabadilisha nyaya. Siku moja akapita mama mmoja wa fiziotherapia, mtu wa makamo ambaye kompyuta hazimpi raha hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye skrini, yeye akawa anamtazama mtu aliyesimama. Akachuchumaa pembeni yake, akafumba jicho moja kama fundi anayekagua ubao, kisha akasema, "Mwanangu, hiki cha pajani kimekimbilia mbele." Akakibandua, akakirudisha nyuma kama upana wa kidole kimoja hivi. Tukarudia. Kule kuyumba upande kwenye grafu kukatulia.

Sababu yenyewe ni hii. Kwenye mpangilio wa vigololi unaotumika sana, programu inalijenga paja kwa nukta tatu: katikati ya kiungo cha nyonga (inakokotolewa kutoka vigololi vya kiunoni), kigololi cha pajani na kigololi cha pembeni mwa goti. Nukta hizo zinatengeneza kitu kama ubao, na bawaba ya goti (mstari ambao goti hupindia) inachukuliwa kuwa imelala ndani ya ubao huo. Kigololi cha pajani kikisogea mbele au nyuma, ubao unageuka na bawaba inageuka nao. Fikiria mlango ambao bawaba zake zimepigwa kishazari: unaufungua vizuri tu, lakini unapanda au unashuka. Goti la mtu anayetembea kawaida hupinda kama nyuzi 60 mguu ukiwa hewani. Bawaba ikikosewa kwa nyuzi 10, karibu nyuzi 10 za kupinda zinavuja na kuonekana kama goti linakwenda upande. Hizo 20 zako zinaniambia kosa lako si dogo.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua grafu ya goti kupinda na grafu ya goti kwenda upande, uzilaze moja juu ya nyingine. Vilele vikikutana wakati uleule, mguu ukiwa hewani, basi ni uvujaji. Mwenye matege ya kweli utayaona hata mguu ukiwa chini umebeba uzito wake wote. Na tafadhali, usijaribu kulifuta kwa kichujio! Kichujio cha hezi 6 kinaondoa mtetemo wa haraka, wakati kosa hili linakwenda polepole sawasawa na hatua yenyewe. Litapita humo kama lilivyo, na grafu itatoka laini na ya uongo.

Kutibu: usitafute goti kwa macho. Shika pande zote mbili za goti kwa kidole gumba na cha shahada, mwambie akunje na kukunjua mara tano sita, utafute ile nukta ambayo karibu haisogei chini ya kidole. Hapo ndipo pa kubandika. Wakati wa kurekodi amesimama tuli, weka na kigololi cha upande wa ndani wa goti ili bawaba ipatikane kwa nukta mbili badala ya kubahatisha kwa paja, kisha ukitoe kabla hajaanza kutembea, maana magoti yakipishana kitang'oka tu. Kiunoni nako tafuta zile ncha mbili za mfupa mbele kwa kidole. Kwa wenye kitambi usibandike juu ya nyama ukasema inatosha. Katikati ya nyonga inakokotolewa kutoka hapo, na ukiharibu hapo umeharibu mguu mzima.

Ukifanya yote haya bado hutapata mstari ulionyooka kabisa. Ngozi ya paja inateleza juu ya mfupa, hata sentimita mbili, na hakuna gundi inayozuia hilo. Nikiona grafu ya goti kwenda upande iliyo bapa kupita kiasi, nashuku kuna aliyeipiga pasi.

Kuhusu bamba la kupimia nguvu lililo sakafuni, mtu asiambiwe alikanyage. Akijua tu, anarefusha hatua ya mwisho kulifikia, na hapo umeshapima mwendo usio wake. Sogeza mahali anapoanzia badala yake.

Uliuliza pia kama simu mbili zingetosha. Programu kama OpenCap ya Stanford inakubali simu mbili bila kigololi chochote, na kwa goti kupinda na kunyooka inafanya kazi ya kuheshimika. Lakini kwa hilo unalolihangaikia, goti kwenda upande, kosa lake la nyuzi kadhaa linaweza kuwa kubwa kuliko kitu chenyewe unachokitafuta.

Mrudie mtu yuleyule, viatu vilevile (kama vina mistari inayong'aa, ifunike kwa utepe, mimi ilishaniletea vigololi hewa), kasi ileile. Tuma hapa grafu zote mbili, kabla na baada, na uandike kigololi cha pajani umekisogeza kiasi gani na upande gani.