Kabla Hujasema Beatles Wamewapiga Stones

Kwa karibu miaka kumi nilibishana na kaka yangu juu ya wimbo ambao sikuwa nimeusikia wote. Yeye ni wa Beatles kufa na kupona, mimi ni wa Rolling Stones, bendi mbili za Uingereza. Kila tukikutana lazima "Hey Jude" ya Beatles ipambanishwe na "You Can't Always Get What You Want" ya Stones, na kila mara nilishindwa mimi. Kumbe kanda yangu ilikuwa imenaswa redioni, na kwaya ya mwanzoni haikuwemo. Siku niliyowasikia London Bach Choir wakiuanza wimbo peke yao, bila gitaa wala ngoma, nilikaa kitako. Miaka yote hiyo nilikuwa natetea kiwiliwili, kichwa sina.

Kwa hiyo kabla ya ubishi, hakikisha unao wimbo mzima. Wa Beatles unapita kidogo dakika 7, wa Stones unakaribia 7 na nusu. Ukikuta pungufu, umepewa kipande. Halafu tumia chombo kimoja na sauti ya kiwango kimoja. Niliwahi kumpigia kaka Stones kwenye spika kubwa ya sebuleni na Beatles kwenye simu, nikajitangazia ushindi. Alinicheka wiki nzima, na alikuwa na haki.

Ukishamaliza hayo, usilinganishe kila kitu. Tafuta pale nyimbo mbili zinapofanya kazi ileile. Hizi zote huanza taratibu na kuishia na umati wa watu, na hilo halikutokea tu. "Hey Jude" ilitoka Agosti 1968. Stones waliingia Olympic Studios, London, Novemba mwaka huohuo, na Mick Jagger, mwimbaji wao, hakuficha kwamba alipenda jinsi Beatles walivyoitumia okestra. Magazeti yaliwauza kama mahasimu, lakini watu hawa walikuwa wakisikilizana vizuri sana. Hata singo ya pili ya Stones, ya mwaka 1963, ilitungwa na John Lennon na Paul McCartney wa Beatles!

Sasa umati wenyewe. McCartney alianza kutunga "Hey Jude" akimfikiria Julian, mtoto wa John Lennon, wakati wazazi wake wanaachana. Ndiyo maana mwanzo wake ni kama mtu anayemwinamia mtoto: piano na sauti, basi. Ngoma huchelewa. McCartney amesimulia kwamba alianza kupiga bila kujua Ringo, mpiga ngoma wao, yuko msalani. Ringo akarudi akinyata, akakalia ngoma zake sekunde ileile zilipotakiwa. Baadaye wapigaji 36 wa okestra waliombwa wapige makofi na kuimba pia. Lile "na na na" linakula zaidi ya nusu ya wimbo, na kwangu mimi hapo ndipo wanaponipoteza. Dakika ya sita huwa natazama saa.

Kwa Stones, rudia wimbo ukifuata ngoma tu, mengine yaache yapite. Anayepiga si Charlie Watts, mpiga ngoma wao wa siku zote. Mdundo ule ulimkataa, akaketi Jimmy Miller, prodyuza wao. Rudia tena ukifuata konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono: huyo ni Rocky Dijon, Mghana, na mimi nilikuwa nimeshausikia wimbo mara mia kabla masikio yangu hayajamwona. Piano, kinanda na lile pembe la shaba linalolia kwa upweke baada ya kwaya ni vya Al Kooper, Mmarekani. Kwaya inaporudi mwishoni, mdundo bado unakimbia chini yake, wala hakuna anayezungushwa mahali pamoja. Kwa kipimo hicho, Stones wanashinda. Ukiniuliza kuhusu dakika tatu za kwanza tu, nitakupa jibu jingine, na tafadhali usimwambie kaka.

Mwezi uliopita nilimtumia wimbo mzima, na kwaya yake. Akajibu: "Hawa wa kanisani ni akina nani?" Nikamwambia avumilie kama dakika moja hivi. Nadhani alivumilia, maana alikaa kimya mpaka usiku, kisha akaniuliza anayepiga ngoma ni nani.