Kamera ndogo ya mkanda kwenye jua na unyevu wa Zanzibar

Kamera za mkanda, yaani zile za filamu, zimerudi mikononi mwa vijana wa Unguja na Pemba. Wengine wamezikuta kabatini kwa wazee, wengine wamenunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, wengine wameletewa mpya na ndugu walioko nje. Wakishasafisha mkanda wa kwanza, yaani kuutoa picha kwa dawa, huja na malalamiko yale yale: nyuso nyeusi, picha zimefifia, watu wako mbali hawatambulikani. Mimi huwauliza kwanza ulipiga saa ngapi, halafu ulisimama wapi. Mara nyingi jibu limo humo. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako jua huinama na hewa ni kavu. Sisi adhuhuri jua liko utosini, hewa ina chumvi, na masika ikiingia hata mkoba wa ngozi uliotundikwa ukutani huota ukungu. Kamera hii ndogo inajua mambo machache sana. Yaliyobaki inabidi uyajue wewe mwenye kuishika.

Kabla hujatoa pesa ya mkanda, ikague. Fungua sehemu ya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri za zamani zilivuja. Chovya pamba ya masikio kwenye siki au maji ya ndimu, sugua taratibu, kisha ikaushe vizuri. Kamera nyingi zinakula betri mbili za AA. Zile ndogo za miaka ya 1990, kama Olympus mju, zinatumia moja ya CR123A yenye volti 3, na hiyo weka ya akiba, kwa kuwa si kila duka utaipata. Halafu fungua mlango wa nyuma ikiwa haina mkanda, ielekeze dirishani, bonyeza huku ukichungulia kwa nyuma. Ukiona mwanga umepita mara moja na kuzima, pazia, kile kifuniko kinachofunguka na kufunga ukipiga, linafanya kazi. Tazama pia sponji nyeusi iliyo kwenye kingo za mlango. Kwenye joto letu huyeyuka ikawa inanata, na mwanga hupenya hapo ukaunguza picha. Ukishatia mkanda, zungushia ukingo wa mlango tepu nyeusi ya mafundi umeme. Si pambo, lakini inazuia.

Mkanda utie kivulini, kamwe si juani, wala si pwani kwenye mchanga. Weka kasha lake kwenye chumba chake, vuta ulimi wa mkanda mpaka kwenye alama, ambayo mara nyingi ni nyekundu au ya machungwa, na uhakikishe umelala sawa bila kujikunja. Ukiwa umetoka mrefu kupita alama, rudisha kidogo ndani. Funga mlango, usikie mota ikivuta, tazama namba: ikisoma 1, umeshika. Ikibaki kwenye 0 au E na kumeta, fungua urudie. Kwa kamera ya kusogeza kwa gurudumu la kidole kuna dalili moja ambayo naisisitiza kwa kila mtu: unaposogeza, kile kirungu cha kurudishia mkanda upande wa kushoto lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka baada ya kusogeza mara mbili au tatu, mkanda haujashika, na unaweza kumaliza harusi nzima ukipiga hewa.

Sasa namba iliyoandikwa kwenye mkanda. 100 na 200 zinataka mwanga mwingi, 400 inatosheka na mwanga mdogo. Kamera zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 nyingi husoma zenyewe namba hiyo kupitia vile vipande vya fedha na vyeusi vilivyo ubavuni mwa kasha la mkanda, na zinapima mwanga. Lakini hizi mpya za bei nafuu, mfano Kodak M35, hazipimi kitu. Tundu la lenzi halibadiliki na kasi ya pazia haibadiliki, jua liwake au mawingu yatande. Kwa kamera ya namna hiyo mimi hushauri 400, hata kwa jua letu. Mkanda wa rangi unavumilia sana mwanga ukizidi, ila ukipungua hausamehi: vivuli hutoka vya kijivu chenye matope na chembechembe. Ukiwa na 400 utapiga ufukweni Paje na picha itatoka, kisha utaingia kivuli cha mwembe na picha pia itatoka. Ukiwa na 100 ndani ya kamera isiyopima, kivulini umepoteza.

Juu ya mwanga wenyewe nitakaa kidogo, maana ndiko picha zetu nyingi zinakoharibikia.

Kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana, jua linaanguka wima. Mtu akisimama wazi, macho yanazama kwenye vivuli viwili vyeusi, na kivuli cha pua kinashuka mpaka mdomoni. Akiwa amevaa kofia au amejitanda mtandio, ndiyo zaidi. Na nyuma yake kuna mchanga mweupe au ukuta wa chokaa unaong'aa, kwa hiyo kamera inayopima huona weupe ule, ikadhani mwanga umejaa tele, ikapunguza unaoingia. Ukuta unatoka mzuri, mtu anatoka giza. Na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumia zaidi hapo.

Dawa yake ni kumhamisha mtu. Chukua mfano wa kichochoro cha Mkunazini au Kiponda, Mji Mkongwe, saa sita mchana. Upande mmoja wa ukuta umepigwa na jua kali, mwembamba kama utepe; upande wa pili una baraza, na ni kivuli kitupu. Muweke mtu barazani, uso wake uelekee ule ukuta uliopigwa na jua. Ukuta ule wa chokaa unarudisha mwanga laini usoni kwake, macho yanang'aa, kanzu inaonesha mikunjo yake, na hata nakshi za mlango wa nyuma yake utazihesabu. Hakikisha tu kwamba ule ukuta wenye jua haumo ndani ya picha, la sivyo unarudi kule kule. Vivyo hivyo kwenye kizingiti cha mlango: mtu asimame ndani hatua moja kutoka mlangoni, atazame nje. Shamba, tumia kivuli cha ukingoni, pale mikarafuu au minazi inapoishia na uwazi unapoanza, si katikati ya msitu ambako mwanga wote ni wa kijani na wa madoadoa.

Saa bora ni kuanzia kumi na nusu alasiri mpaka karibu na magharibi. Ukienda Mnazi Mmoja siku ya Sikukuu muda huo, watoto wamevaa nguo mpya, jua linatokea ubavuni, hata mtu asiyejua kitu atapata picha. Ila likishazama, giza letu huingia haraka sana kuliko la nchi za mbali na ikweta. Usisubiri dakika za mwisho.

Pale ambapo mtu hawezi kuhamishwa na jua liko juu, washa flashi. Ndiyo, mchana. Ni alama ya radi isiyo na herufi ya A wala mstari uliokatiza. Flashi ndogo hufika mita tatu au nne tu, na kazi yake mchana si kuangaza uwanja, ni kufungua macho yaliyozama. Kwa mvuvi aliyekaa ubavuni mwa ngalawa na bahari inawaka nyuma yake, flashi ndiyo itakayokuonesha sura yake. Ukumbuke kwamba kamera nyingi zinarudi kwenye flashi ya kujiendesha kila ukizifunga, hivyo kila ukiifungua utazame tena. Na jioni ukipiga mandhari, au Forodhani kwa mbali, izime; haitafika kokote, itaangaza vumbi na mgongo wa mtu aliyepita mbele yako. Ukiizima, egemeza kamera kwenye ukuta au juu ya meza, kwani pazia litakaa wazi muda mrefu na mkono lazima utatikisika.

Umbali. Hizi kamera zina lenzi pana, kwa kawaida milimita 35 au chini yake, na zinamfanya kila mtu aonekane mbali kuliko unavyomuona kwa macho. Kwa lenzi ya 35, ukisimama mita mbili na ukaishika kamera wima, mtu mzima anaenea kutoka kichwani hadi miguuni. Kwa hiyo kama unataka uso na mabega, lazima usogee. Lakini usikaribie zaidi ya mita moja, kwani chini ya hapo nyingi hazioni sawasawa. Na ukiwa karibu hivyo acha nafasi juu ya kichwa, maana kidirisha unachochungulia hakipo mahali pamoja na lenzi. Ukikijaza mpaka ukingoni, picha itatoka imekata kilemba.

Kamera inayojilengea yenyewe hulenga katikati tu. Watu wawili wakikaa na uwazi kati yao, italenga ukuta wa nyuma, nao watatoka na ukungu. Weka alama ya katikati juu ya uso wa mmoja, bonyeza kitufe nusu, kishike hapo hapo, kisha irudishe kamera kwenye picha uliyoipanga na ubonyeze mpaka mwisho. Ukiwa ndani ya boti ya Dar es Salaam na unapiga Mji Mkongwe kupitia dirishani, kamera yaweza kulenga kioo badala ya nyumba. Bonyeza alama ya milima, ile ya kulenga mbali, zima flashi. Na vidole vyako viwe mbali na lenzi, flashi na vile vidirisha vidogo vya mbele.

Kuhusu watu, omba kwanza. "Naomba nikupige picha" haichukui muda, na mtu aliyeridhia anakaa vizuri zaidi kuliko aliyeibiwa. Kambi za jeshi na Ikulu usizielekezee kamera kabisa. Shughuli za wanawake, hata kama ni za nyumbani kwenu, kamera haiingii mpaka wenyewe waseme. Hapa mkanda una jambo lake ambalo simu haina: picha zote zitapita mbele ya macho ya mtu wa kusafisha. Dada yako akiwa hajajisitiri, au bibi harusi ndani kwa mashoga zake, mwambie hilo mapema, aamue yeye akiwa anajua. Mimi picha za namna hiyo sizipigi kwenye mkanda wa kupeleka kwa watu.

Mkanda ukiisha, kamera nyingi zinaurudisha zenyewe kwa sauti ya kuvuma. Ngoja sauti ikome kabisa na namba irudi. Ile ya mkono ina kitufe kidogo chini; kibonyeze, zungusha mkono wa kurudishia mpaka uhisi umekuwa mwepesi ghafla. Kufungua mlango kabla ya hapo ni kuunguza picha.

Tukija kwenye joto na unyevu: mkanda usiuache ndani ya gari wala kwenye mkoba juu ya mchanga. Ambao hujautumia hukaa vizuri kwenye friji ndani ya kikopo chake kilichofungwa, lakini ukiutoa uache saa kadhaa upate joto la chumba ndipo ufungue, la sivyo utatoa jasho. Kamera yenyewe usiitie friji. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi itafanya ukungu. Usifute, iache ikauke yenyewe. Masika itoe kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, ambao ndio kitalu cha kuvu, uiweke penye hewa na mwanga au kwenye chombo kinachofunga pamoja na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kuvu ikishaota kati ya vioo vya lenzi, ndani ya kamera hizi haina fundi wa bei nafuu. Ukitoka pwani, ifute kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, kisha kikavu. Kama lenzi yako hutoka na kuingia, usiifungue kwenye upepo wa kusi ufukweni. Punje moja ya mchanga inatosha kuikwamisha.

Kiwanja cha ndege, mikanda iwe mkononi, si kwenye sanduku la kupakia, kwani mashine zinazokagua masanduku hayo zina nguvu na zinaharibu mkanda usiosafishwa. Penye mashine mpya za kukagulia mizigo ya mkononi, waombe waikague kwa mkono. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha, wengi hukubali ukiomba kwa adabu.

Wenye hamu ya kusafisha wenyewe nyumbani waanze na mkanda wa nyeusi na nyeupe, kama Ilford HP5. Dawa zake kwa kawaida hupangwa kwa nyuzi 20, na maji ya tangi hapa ni ya moto kuliko hivyo, kwa hiyo uwe na barafu.

Negativu zako, yaani ule mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, zidai. Ukienda Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, utaona ukutani Zanzibar ya miongo mingi iliyopita. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza, na picha zile ziko pale kwa kuwa ukoo ule haukutupa negativu. Siku hizi mahali pengi wanakutumia picha kwa simu na mkanda wanautupa usipouulizia. Sema siku ile ile unapoukabidhi kwamba unazitaka, zikatwe vipande, zitiwe kwenye bahasha ya karatasi. Na kabla hujazitia ndani, andika juu ya bahasha majina ya waliomo, mtaa na mwaka.