Maswali na majibu: Weka msasa chini kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: fanicha ya marehemu fulani imepoteza mng'aro, je, tuipige msasa wa namba ngapi? Nawaomba, kabla ya kushika msasa someni jibu la kwanza mpaka mwisho.

*Nimerithi piano ya bibi yangu, mbao yake imefifia. Fundi anataka kuikwangua kwa mashine kisha apige vanishi ya kisasa. Nimruhusu? (Shangani)*

Usimruhusu. Piano nyingi za Ulaya za karne ya 19 zilipigwa shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti) kwa mtindo wa Kifaransa, matabaka membamba mengi yaliyopakwa kwa mkono. Tena ile mahogani au jozi unayoiona si mbao nzima. Ni ganda lililobandikwa kwa gundi ya ngozi, na mara nyingi unene wake ni milimita moja au pungufu. Mashine hulila ganda hilo kwa dakika chache, na likishatoboka halirudi. Nimeitwa kwenye nyumba moja Mji Mkongwe kuokoa piano iliyokwanguliwa hivyo. Sikuwa na la kuokoa.

Pima kwanza. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti, usugue mahali palipojificha, kwa mfano nyuma ya mguu. Pakinata, ni shelaki. Spiriti isipofanya kitu lakini tina ya rangi (thinner) ikalainisha, ni laka ya selulosi. Vyote viwili vikishindwa, kuna mtu alikutangulia na vanishi ya plastiki. Kama ni shelaki, una bahati, maana shelaki mpya huyeyuka ikaungana na ile ya zamani, kwa hiyo hakuna haja ya kukwangua. Futa kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni laini, ukaushe papo hapo. Piano nyingi ninazoonyeshwa hazikufifia kamwe. Zimebeba moshi wa udi na ubani wa miaka hamsini.

*Sanduku letu la misumari ya shaba nalipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, sasa linanata. (Makunduchi)*

Mafuta ya nazi hayakauki. Hukaa juu ya mbao, yakadaka vumbi, yakachacha. Nimeshaandika hili mara nyingi na bado barua zinakuja. Acha kuyapaka.

*Nimesikia shelaki hutoka kwa wadudu na huchanganywa na spiriti. Je, naweza kuweka msahafu juu ya kabati lililopakwa? (Chake Chake)*

La sheria mpelekee sheikh wako. Mimi nakujibu la ufundi. Ni kweli ni utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Huyeyushwa kwa spiriti, na spiriti yote huruka hewani, ikabaki shelaki peke yake. Wala si kitu kigeni kwetu. Lakiri waliyofungia barua wazee ilitokana na utomvu huohuo. Na santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zilishikanishwa kwa shelaki. Ndiyo maana zikianguka huvunjika kama sahani.

*Nifundishe kupiga polishi kwa mkono. (Jang'ombe)*

Yeyusha gramu 150 hivi za shelaki kwa lita moja ya spiriti, uiache usiku kucha, uichuje. Tengeneza kiasi cha kutumia miezi michache tu, kwani ikizeeka haikauki tena. Funga pamba ndani ya kitambaa cha shuka kuukuu upate tonge linalokaa kiganjani. Shelaki unaimimina ndani kwenye pamba, hulichovyi tonge kwa nje. Lifikishe kwenye mbao likiwa tayari linatembea, lizunguke miduara midogo, kisha umbo la nane, kisha mistari iliyonyooka, na usilisimamishe kamwe juu ya kazi, kwani litang'oa ulichokwisha kupaka. Likianza kushika, tia tone moja la mafuta ya kitani chini yake. Pumzisha kazi usiku, rudi kesho. Piano nzima ni kazi ya wiki kadhaa. Anayekuahidi siku mbili anapulizia laka.

*Nimepaka vizuri, jioni ukungu mweupe ukatanda. (Wete)*

Barua yako ni ya Aprili. Umepaka katikati ya masika, na unyevu umenaswa ndani ya shelaki. Subiri mvua zikatike, kisha pitisha tonge lenye spiriti kidogo sana, upesi. Kazi hii ina msimu wake. Mimi huanza kusi ikishatulia, wala sipokei kazi mpya mvua zikinyesha.

*Alama ya kikombe cha kahawa juu ya meza? (Malindi)*

Dawa ni hiyohiyo ya Wete. Na nunua visahani.

*Funguo za piano ni za pembe na zimekuwa njano. Nizisugue kwa jiki? Kuna mgeni anataka kuzinunua. (Kiponda)*

Jiki hapana. Futa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo tu, maana maji yakiingia chini gundi huachia. Pembe huwa njano zaidi ikifungiwa gizani, basi acha kifuniko wazi mchana. Kuhusu mgeni, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na akikamatwa nayo uwanja wa ndege wewe ndiye uliyemuuzia. Zaidi ya hayo, fikiria zilikotoka. Marekani ilikuwa na balozi wake mdogo hapa Zanzibar tangu 1837, na pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara zilipita bandarini kwetu kwenda Connecticut, zikakatwa kuwa funguo katika miji ya Ivoryton na Deep River. Huenda hizo zako zimerudi nyumbani. Ziache zilipo.

*Nikimaliza, tonge na vitambaa nivitupe? (Mkoani)*

Tonge litie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na matone ya spiriti, litakufaa tena. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike, hujipasha joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze uani kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, ndipo uvitupe.