Barua kwa Mwanangu: Faji ya Siku ya Kuzaliwa ya Mama

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi mama yako akiwa bado amelala. Unataka kumtengenezea faji ya siagi ya karanga, ile peremende laini ya sukari na siagi inayokatwa vipande, siku atakapotimiza miaka 70. Umeandika, "Baba, nataka ile tuliyokuwa tukichemsha mimi na wewe, ila iwe rahisi, na nifanyeje isitoke na chenga?" Nimelianza jibu mara mbili nikalikata. Kila nikiandika neno chenga, zile punje za sukari zinazosikika kama mchanga mdomoni, naiona ile sufuria nzito yenye mpini uliolegea, na wewe juu ya kigoda, una miaka 8, umeshika mwiko.

Basi nianze na vipimo, ili hata ukichoka kusoma uwe umepata ulichokitaka.

Iliyo rahisi ni ya mama yako, unaijua kwa kuila tu. Siagi gramu 225, siagi ya karanga kikombe kimoja, yaani kama gramu 250, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo ikiwa siagi yako haina, na sukari ya unga gramu 450. Yeyusha siagi zote mbili kwa pamoja kwenye moto mdogo, ukikoroga mpaka ziwe kitu kimoja, zisichemke. Epua, tia vanila, kisha sukari uliyoichekecha. Usiruke kuchekecha, madonge hayatoki baadaye. Koroga mpaka mkono uchoke, maana inakuwa nzito na mng'ao wake unakufa. Ishindilie kwenye trei ya mraba ya sentimita 20 uliyoitandika karatasi ya kuokea, ifunike, iache kwenye friji kwa muda wa saa mbili. Chagua siagi ya karanga ya kawaida isiyojitenga. Ile ya karanga tupu ambayo mafuta yake huelea juu ni tamu sana kwenye mkate, lakini kwenye faji mafuta yatakuvujia pembeni.

Katika njia hii chenga haina pa kutokea. Sukari imekwisha kusagwa ikawa vumbi, na maji yaliyomo kwenye siagi ni machache mno kuiyeyusha yote, kwa hiyo inabaki vumbi vile vile, chembe ndogo ambazo ulimi hauzitambui. Mama yako amekuwa akiniambia hivyo miaka yote: kwa nini uhangaike kuchemsha kitu ambacho kinu kimeshakufanyia?

Nami nimekuwa nikimjibu kwamba faji huzaliwa motoni. Hapo ndipo huniletea habari za Emelyn Hartridge, yule mwanafunzi wa Vassar College kule Marekani. Barua yake ni mojawapo ya habari za kale zaidi tulizonazo kuhusu faji. Anaeleza kwamba mwaka 1886 binamu ya mwanafunzi mwenzake alikuwa akiitengeneza Baltimore na kuiuza senti 40 kwa pauni, naye Hartridge akapata maelezo ya kuitengeneza, na mwaka 1888 akatengeneza pauni 30 kwa mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Pauni 30 ni kilo 13 na nusu. Mama yako husema: unaona, hiki ni kitu cha wasichana wa bwenini, hakikuletwa na mafundi, kilikuwa rahisi tangu mwanzo. Nami humwambia: ndiyo, lakini walichemsha! Faji yao ilikuwa ya chokoleti, waliichemsha na kuipiga kwa mkono. Mabishano hayo umeyasikia tangu utotoni, nayo hayajaisha.

Sasa ya kuchemsha. Sukari ya kawaida vikombe viwili, kama gramu 400. Maziwa theluthi mbili za kikombe. Siagi vijiko viwili vya mezani, chumvi kidogo, vanila kijiko cha chai, siagi ya karanga nusu kikombe. Tia sukari, maziwa na chumvi kwenye sufuria nzito, kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu maziwa yanapanda. Weka moto mdogo na ukoroge mpaka sukari iyeyuke yote kabla haijachemka. Sikiliza mwiko. Ukiwa bado unakwaruza chini ya sufuria, sukari haijayeyuka, usiongeze moto. Ikianza kuchemka, funika kwa dakika mbili tatu, mvuke uoshe kingo za sufuria na kuteremsha punje zilizoganda pale. Funua, weka kipimajoto, uache ichemke bila kuikoroga mpaka nyuzi 114 za Selsiasi. Moto uwe wa wastani, maana mchanganyiko wenye maziwa hushika chini upesi. Kabla ya yote kipime kipimajoto chako kwenye maji yanayochemka. Kikisoma 97 badala ya 100, basi na faji yako utaiepua kwenye 111. Ukiwa na wasiwasi, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea ukikishika, imefika.

Epua. Weka juu yake siagi, vanila na siagi ya karanga, halafu, mwanangu, toa mkono. Usikoroge, usitikise sufuria, usionje. Iache mpaka ishuke karibu na nyuzi 45, kiasi kwamba ukigusa nje ya sufuria unasikia uvuguvugu tu. Ndipo uipige kwa mwiko bila kupumzika, mpaka ile sura inayong'aa kama kioo ififie na mwiko uanze kuacha njia nyuma yake. Hapo una nusu dakika ya kuimimina, pengine chini ya hapo.

Sukari ina wakati wake wa kuguswa. Nimekuambia hivyo mara ngapi? Ukiikoroga ikiwa bado ya moto, punje chache za kwanza huzaliwa mapema, na kila sukari inayofuata hujishikiza kwenye hizo, zinakua na kukua mpaka unazisikia kama mchanga. Ukisubiri ipoe, halafu ukaipiga kwa nguvu, huzaliwa nyingi mno kwa mpigo mmoja, hakuna inayopata nafasi ya kukua, na hiyo ndiyo laini unayoipenda.

Maneno haya nilikuambia kwa ukali siku mama yako alipotimiza miaka 40, na ni juu ya siku hiyo nataka kukuandikia, ingawa hukuuliza.

Kipimajoto nilikuwa nimekinunua wiki ile ile. Nilitaka siku yake iwe na faji ya kuchemshwa, niipange kwenye sahani ya bluu, akiila anyamaze kidogo. Tulichemsha pamoja. Ulinisomea nyuzi kwa sauti, "Mia na nne, Baba. Mia na sita." Ilipofika nikaepua, nikakupa kazi ya kuilinda mpaka ipoe, nikaenda chumbani kufunga zawadi. Niliporudi nikakuta mwiko mkononi mwako na alama ya mwiko katikati ya sufuria. Ulisema umekoroga mara moja tu, uone kama imeanza kuwa faji.

Nilipoipiga haikupita muda ikashikana, kavu, yenye chenga tupu. Unakumbuka nilichosema? Najua unakumbuka. Nilisema, "Umeharibu siku ya mama yako." Kisha nikaibeba ile sufuria na kuimwaga yote kwenye pipa la taka mbele yako. Hukulia. Ulichukua mwiko ukauosha, ukaufuta, ukaurudisha mahali pake. Jioni mama yako aliingia akauliza mbona nyumba yote inanukia karanga, na kabla sijafungua mdomo ukajibu wewe: "Nimeiharibu."

Miaka mingi baadaye, ukiwa umeshahama, nilianza tena kuchemsha. Ya kwanza ikatoka chenga. Ya pili chenga. Jikoni nilikuwa peke yangu, hakukuwa na mtoto wa kushika mwiko. Ndipo nikaanza kujiangalia mikono. Nilikuwa nawasha moto mkubwa kabla sukari haijayeyuka, kwa pupa. Na ilipokuwa ikichemka nilikuwa nakwangua kingo za sufuria kwa mwiko ili nisipoteze kitu, nikiziangusha ndani punje zote zilizokauka pale. Punje moja ikiingia wakati inapoa yatosha kuamsha nyingine. Nilikuwa nazipanda mwenyewe, kwa mkono wangu, nilivyozipanda siku ile na wewe ukinisomea nyuzi.

Unaweza kusema, hata hivyo mwiko wangu uliingia mapema. Ni kweli, uliingia, na hata mkorogo mmoja unaweza kuleta chenga. Nimewahi kujiambia kwamba basi tuligawana kosa, nusu yako nusu yangu. Halafu nakataa. Wewe ulikuwa na miaka 8 na uliachwa peke yako na kitu kinachonukia vile. Aliyemwacha mtoto pale alikuwa mtu mzima, na aliyekwangua kingo alikuwa mtu mzima huyo huyo. Hakuna cha kugawana. Nisamehe, mwanangu. Ningekuomba ana kwa ana, nimejaribu zaidi ya mara moja, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za kazi.

Na kinachoniuma kuliko maneno, pengine sawa na maneno, ni lile pipa. Faji yenye chenga haitupwi! Inarudishwa kwenye sufuria na vijiko viwili vitatu vya maji, ikatiwa moto mdogo mpaka kila punje iyeyuke, ukafunika mvuke uoshe kingo, ukachemsha tena mpaka nyuzi zile zile, ukaiacha ipoe, ukaipiga. Yenye siagi ya karanga inataka uangalizi zaidi kwa sababu karanga hushika chini haraka, lakini inaokoka. Nimeiokoa mara tatu tangu nijue. Ile ya siku ya mama yako ingeliwa usiku ule ule.

Sasa utasema, Baba, nilikuuliza iliyo rahisi. Najua. Rahisi ni ya mama yako, hilo halina ubishi, na ukiwa na wageni wengi na muda mchache, ifanye hiyo na usitazame nyuma. Ipi tamu zaidi sitasema. Nilikuwa nimeandika, nikaifuta. Ya mama yako ni laini, yayeyuka mdomoni, ladha ya karanga inatangulia. Ya kuchemsha inavunjika kidogo chini ya jino kabla haijayeyuka, na ina ule utamu wa maziwa yaliyoonja moto, ambao sukari ya unga haiwezi kuutoa hata uikoroge mpaka kesho. Ona, nimekaribia kusema. Niliwahi kumwuliza mama yako yeye anaipenda ipi, akasema anaipenda inayobaki mpaka asubuhi. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, nami sitaki kumwuliza tena.

Mambo madogo, upesi. Waulize wageni wote kama kuna asiyeweza kula karanga, na uulize kabla hujafungua chupa. Kata vipande vidogo, vya sentimita mbili na nusu, kwa kisu ulichokichovya kwenye maji ya moto na kukifuta. Ya kuchemsha ikae kwenye kopo linaloziba sawasawa, haihitaji friji, kwenye friji hukauka. Ya mama yako irudishe friji, ikikaa nje siku ya joto inalegea.

Ukiamua kuchemsha, njooni mapema, saa nne asubuhi hivi, kabla mama yako hajarudi. Kipimajoto ninacho, sufuria ile bado ipo, mpini nimeukaza. Mjukuu wangu apewe kigoda atusomee nyuzi. Nitaketi naye pale sufuria inapoa, sitatoka chumba kile. Na akitia mwiko kabla ya wakati, usimwambie neno. Nitakuwa nimeweka maji karibu.

Baba yako