Ushauri kwa anayeanza kusoma sheria za uwindaji za wakoloni Afrika Mashariki

Wengi wanaoanza kuchunguza sheria hizi hukimbilia orodha ya wanyama. Wanaona tembo, kifaru na twiga, wanaandika "walilindwa", na hapo kazi inaharibika. Orodha hiyo ni rahisi kusoma kuliko sehemu nyingine yoyote ya sheria, lakini haisemi mengi. Anza na mambo matatu: leseni ilikuwa bei gani, silaha na mbinu gani ziliruhusiwa, na nani aliruhusiwa kumiliki silaha hizo. Ukishayajua, ndipo orodha ya wanyama itakapoeleweka.

Bei ikitajwa peke yake haina maana, kwa hiyo ipime kwa kodi ya nyumba. Kufikia 1909, katika himaya ya Waingereza ambayo leo ni Kenya, mgeni aliyekuja kuwinda wanyama wakubwa alilipia leseni rupia 750, sawa na pauni 50. Mlowezi alilipa rupia 150. Mwafrika wakati huo alidaiwa kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Gawanya: leseni moja ya mgeni ilikuwa sawa na kodi ya mwaka ya nyumba 250. Hesabu hii iweke mwanzoni kabisa mwa daftari lako, kwa sababu itakulinda usiamini kirahisi hotuba za magavana kuhusu "haki sawa kwa wote wenye leseni".

Fedha zenyewe zina mitego. Upande wa Waingereza, rupia 15 zilifanya pauni 1. Upande wa Wajerumani, yaani Tanganyika ya baadaye, kuanzia 1904 rupia 15 zilikuwa sawa na marka 20, na rupia moja iligawanywa hela 100; kabla ya hapo iligawanywa pesa 64. Mwaka 1920 Waingereza walipandisha thamani ya rupia ikawa shilingi 2 za Kiingereza, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki. Usilinganishe ada ya 1912 na ya 1922 kabla ya kuzigeuza zote kuwa fedha moja. Nakili kwanza namba jinsi ilivyo kwenye hati, ndipo uweke safu ya pili ya thamani uliyoigeuza. Ukigeuza kichwani na kuacha namba ya asili, hutaweza kujirekebisha baadaye.

Uzito nao unahitaji uangalifu. Mikataba ya kimataifa hutaja pembe za tembo kwa kilo, sheria za Waingereza kwa ratili, na wafanyabiashara wa pwani kwa frasila, ambayo ni kama ratili 35, yaani karibu kilo 16. Katika maelezo yako tumia "ratili" kwa uzito na "pauni" kwa fedha peke yake. Wanafunzi wengi wamechanganya pembe za pauni 30 na ada ya pauni 30, na kosa hilo likishaingia kwenye jedwali halionekani tena.

Sasa silaha, na hapa usiwe na haraka. Sheria ya uwindaji isomwe pamoja na sheria ya bunduki ya mwaka huohuo, ziwe mezani bega kwa bega. Mkataba wa Brussels wa 1890, unaojulikana zaidi kwa kupinga biashara ya watumwa, ulizuia pia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika; magobori, bunduki za kizamani, yalibaki kwa masharti. Kwa hiyo hata Mwafrika aliyeweza kulipia leseni alikuwa na kizuizi kingine, nacho hakimo katika sheria ya uwindaji unayoisoma.

Kisha angalia mbinu zilizokatazwa. Mkataba wa London wa 1900, wa kulinda wanyamapori wa Afrika, ulitaka nyavu na mashimo vizuiwe. Ule wa 1933 ulikwenda mbali zaidi: moto wa kuzingira wanyama, sumu, mitego, nyavu, mashimo, taa za kupumbaza, na pia kuwinda kwa kutumia gari au ndege. Zipange mbinu hizi katika safu mbili, za mwindaji wa kijijini na za mwenye gari, uone safu ipi ni ndefu. Mtu aliyewinda kwa upinde na mshale wa sumu, kama Waata wa nyika ya pwani ya Kenya, aliweza kuwa mkosaji kwa silaha yake kabla hata hajachagua mnyama.

Lakini usiishie hapo, kwa maana sheria nyingi zilikuwa na vifungu vya msamaha: kitoweo, kulinda mashamba, ruhusa maalumu ya gavana au mkuu wa wilaya. Ruhusa hizo zilitegemea hiari ya ofisa. Hutazikuta katika sheria iliyochapishwa, utazikuta katika barua za wilayani. Aliyesoma sheria tu atasema watu walinyimwa kila kitu, na aliyesoma barua za wilaya moja tu atasema hawakubanwa. Soma zote mbili. Unapokuta kesi, andika kosa kwa kifungu chake: kukosa leseni, kuwinda ndani ya pori la akiba, silaha iliyokatazwa, au pembe isiyofikia uzito. Ukiyakusanya yote chini ya "ujangili", umepoteza habari uliyoifuata.

Kuhusu mikataba yenyewe, kosa linalorudi kila mwaka ni kuuchukulia ule wa 19 Mei 1900 kana kwamba ulikuwa sheria iliyotumika. Uliwekwa saini na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Ureno, Hispania na Dola Huru ya Kongo, lakini haukuridhiwa na wote, hivyo haukuanza kufanya kazi kama mkataba. Nguvu yake ilikuwa kwamba makoloni yaliunakili katika sheria zao. Jedwali zake zinastahili kusomwa neno kwa neno. Twiga, pofu (swala mkubwa), sokwe, bundi na tumbusi waliwekwa miongoni mwa wa kulindwa. Simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba na chatu waliwekwa upande wa waharibifu wa kupunguzwa, na mayai ya mamba yaharibiwe. Pembe za tembo zisizofikia kilo 5 zilitakiwa kutaifishwa. Mkataba wa pili ulitiwa saini 8 Novemba 1933 na kuanza kutumika 14 Januari 1936. Taja tarehe zote mbili.

Mipaka ya mapori isisomwe kwenye ramani ya leo. Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa agizo la uwindaji mwaka 1896 na kutenga maeneo mawili, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Waingereza walitangaza pori la Selous mwaka 1922, na mipaka yake ikapanuliwa mara kadhaa. Miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale, kusini mwa Tanganyika, walihamishwa kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa porini. Hati ya miaka ya 1950 inaposema eneo "halina watu", tafuta kwanza hati ya miaka kumi nyuma. Chora mipaka ya kila tangazo kwenye karatasi yake. Serengeti hali kadhalika: ilikuwa pori la akiba mwaka 1929, ikawa hifadhi ya taifa kwa sheria ya 1940 bila utekelezaji wa maana, ikasimamishwa upya mwaka 1951, kisha Ngorongoro ikatengwa nayo mwaka 1959. Ukiandika ilianzishwa lini, eleza ni kwa sheria ipi.

Idara za wanyama ziliua pia, na kwa wingi. Ya Uganda ilianza mwaka 1925 kama idara ya kudhibiti tembo, chini ya Charles Pitman. Tanganyika mkuu wa kwanza, Charles Swynnerton, alikuwa pia mtafiti wa mbung'o, nzi waenezao malale, na kazi hiyo ikawa na kituo chake Shinyanga. Ndiyo maana katika ripoti za mwaka usijumlishe wanyama waliouawa kwa leseni na waliouawa kwa udhibiti, wala pembe zilizookotwa na zilizotaifishwa.

Hati za Tanganyika ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na mafaili ya Kijerumani. Mtafiti huhitaji kwanza kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Za Kenya ziko Nairobi, barabara ya Moi. Barua za Wizara ya Makoloni ya Uingereza ziko Kew, London, katika fungu CO 691 kwa Tanganyika na CO 533 kwa Kenya. Za ofisi ya makoloni ya Kijerumani ziko Berlin, fungu R 1001. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani hausomeki kwa kujua Kijerumani tu, inabidi ujifunze herufi zake kabla ya kusafiri. Barua za maliwali na maakida, maofisa wenyeji waliotumikia serikali ya kikoloni, huenda ukazikuta kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Usiziruke, kwa sababu sauti ya wilayani imo humo. Andika namba ya faili na ya ukurasa kabla ya kupiga picha.

Ukiwahoji wazee, usiulize kuhusu sheria. Uliza nyama iligawanywaje, nani alikuwa na gobori, na Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, alipokuja alifuata nini. Wala usifunge utafiti mwaka 1961. Sheria ya wanyamapori ya Tanganyika ya 1951 iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na ile ya 1974, kwa hiyo mtu aliyeshtakiwa mwaka 1968 alihukumiwa kwa vifungu vilivyotungwa na gavana.