Mazoezi ya polepole kwa mama na kwa binti: jibu langu

Dada, umeuliza kama mazoezi mepesi yanaweza kumtuliza mama yako wa miaka 74, anayeshtuka usiku moyo ukimwenda mbio, na pia binti yako anayetetemeka kila mtihani unapokaribia. Nimelifuatilia jambo hili kwa kumtunza baba yangu, aliyestaafu udereva wa matatu akiwa na mabega yaliyokakamaa na usingizi wa mang'amung'amu, nami nasema yanasaidia, mradi yafanywe polepole kweli.

Mfumo wa neva unaoendesha mambo tusiyoyaamrisha, kama vile mapigo ya moyo na usagaji wa chakula, una pande mbili: mmoja hutuandaa kukabili hatari, na mwingine huturejesha katika utulivu, hasa kupitia neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Tunapovuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo; tunapoitoa, kasi hupungua. Kwa hiyo baba aliketi kitini, akainua mikono akivuta pumzi, kisha akaishusha akiitoa taratibu, kwa muda mrefu zaidi ya alioivuta. Baadaye tulianza kutembea asubuhi katika bustani ya Arboretum, mbali na honi za barabarani, ambazo naamini zinawachosha wakazi wa Nairobi kuliko wanavyokiri. Mabega ndiyo yaliyolegea kwanza. Usingizi ulichelewa sana kurejea, basi usikate tamaa mapema.

Kabla mama hajaanza, mpeleke apimwe presha, damu na tezi ya shingoni, kwa kuwa moyo kwenda mbio usiku huweza kuwa na chanzo kinachohitaji matibabu. Daktari akiridhika, mwongezee mazoezi ya kusimama imara huku akishika meza. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee wafanye mazoezi ya namna hiyo siku 3 au zaidi kwa wiki, maana huwakinga wasianguke.

Binti naye asinyimwe michezo kwa kisingizio cha kudurusu, kwani shirika hilohilo linapendekeza watoto na vijana hadi miaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Asubuhi ya mtihani, tembea naye mwendo wa pole hadi shuleni ikiwa si mbali, na njiani usimuulize maswali ya masomo.